Ukuta Uwe wa Mwisho

Anayetaka kupendezesha nyumba yake kwa kawaida huanzia kwa muuza rangi. Husimama mbele ya kadi zenye vipande vidogo vya rangi, akachagua kile kilichomvutia siku hiyo, akabeba ndoo mpaka nyumbani, fundi akapaka. Wiki ya pili anatafuta pazia la kwenda na ukuta. Wiki ya tatu anatafuta kitambaa cha makochi cha kwenda na pazia. Fedha inaisha na chumba hakijatulia.

Nakuomba uugeuze mpangilio huo. Rangi ya ukuta ndicho kitu chepesi kuliko vyote kubadilisha, na madukani huchanganywa kwa mamia ya namna. Sakafu, makochi, kabati la vyombo na fremu za madirisha huja kwa rangi chache, na bei zake unazijua. Anza na kilicho kigumu kubadilika, malizia na kilicho chepesi.

Mimi nilijifunza hili katika nyumba ya kwanza niliyopanga, Tanga. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, kama zilivyo sakafu nyingi za nyumba za zamani. Nikapaka sebule kijani kibichi, kwa sababu nakipenda kijani. Asubuhi ya kwanza macho yalinichoka kabla sijamaliza chai. Sakafu ilionekana nyekundu kuliko ilivyokuwa jana yake, na ukuta ulikuwa ukipiga kelele. Shangazi yangu alikuja kunitembelea, akavua viatu mlangoni, akatazama chini, akatazama juu. "Mwanangu," akasema, "kabla hujapaka, uliiuliza sakafu?"

Swali la shangazi liliwahi kumsumbua mwanakemia mmoja wa Ufaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi wa nyuzi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, ambako yalifumwa mazulia ya kutundika ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikukolea. Alipozichunguza akakuta weusi wake hauna kasoro. Zilionekana zimefifia kwa sababu ya rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839, na alichokieleza ndicho kilichokuwa kikitendeka sebuleni kwangu: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja humsukuma mwenzake. Kijani kikikaa na nyekundu huzidi ukijani. Chungwa ikikaa na buluu huwaka. Ndiyo maana rangi uliyoipenda kwa rafiki yako inaweza kukukera kwako. Rangi ni ile ile, majirani zake ndio wengine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuketi. Chukua daftari, keti katikati ya chumba saa ambayo hakuna mtu wa kukuharakisha, uandike kila kitu ambacho hutakibadilisha mwaka huu: sakafu, dari, milango, makochi, zulia kama ni kubwa, kabati, hata friji kama inakaa sebuleni. Mbele ya kila kimoja andika rangi yake, na usiridhike na "kahawia" au "nyeupe". Lugha yetu inatusaidia sana hapa. Ukiacha nyeupe, nyeusi na nyekundu, rangi nyingi za Kiswahili zimepewa majina ya vitu tunavyovishika: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari ile ile ya jikoni, zambarau ni tunda. Wakubwa wetu huita nyekundu iliyoiva mno damu ya mzee, na ukilisikia jina hilo huhitaji kuonyeshwa kadi. Fuata njia yao. Kahawia ya karafuu inaelekea weusi, ya ukwaju inaelekea wekundu, ya kifuu cha nazi ina ukijivu ndani yake. Nyeupe ya maziwa si nyeupe ya chokaa, wala si nyeupe ya samli iliyoganda. Ukishaandika "kochi: ukwaju, vigae: maziwa yenye mawingu ya kijivu, mlango: karafuu", tayari unaona chumba kinavutwa upande gani.

Kuna rangi zinazokudanganya kwa sababu zinaonekana hazina rangi. Vigae vyeupe ndivyo vinavyoongoza. Weka karatasi nyeupe ya kuandikia juu ya kigae karibu na dirisha, utazame tena. Utaona kigae kinaelekea ubuluu, au kinaelekea umanjano, au kina uwaridi kidogo. Hapo ndipo nyumba nyingi zinapokosea bila mwenyewe kujua. Kigae chenye ubuluu kikipandiwa na ukuta wa rangi ya samli, ukuta unaonekana mchafu hata ukiwa umepakwa jana, na watu huulaumu udongo au mtoto. Kama sakafu yako imeelekea ubuluu, weupe wa ukuta uelekee huko huko. Kama ina umanjano, basi samli na maziwa ni ndugu zake.

Baada ya sakafu, uliza dirisha. Vitabu vingi vya mapambo vimeandikwa Ulaya na Marekani, na husema kwamba chumba kinachotazama kaskazini kina ubaridi na uvuli, kwa hiyo kipakwe rangi za joto. Ushauri huo ni wa kwao. Kwa mtu aliye Dar es Salaam, jua la mchana hupita upande wa kaskazini tangu mapema Machi hadi mapema Oktoba, kisha miezi iliyobaki hupita kusini. Na siku zote huwa juu sana, likazuiwa na upenu wa bati. Nairobi na Mombasa habari inakaribiana na hiyo. Kwetu madirisha ya kuangaliwa kwa makini ni ya mashariki na ya magharibi. Chumba cha mashariki hupata jua la asubuhi lililolala, jepesi, kisha mchana kutwa huwa na mwanga uliopoa. Kinabeba vizuri manjano iliyofifia, waridi ya udongo, au rangi ya ngozi ya embe. Chumba cha magharibi huchomwa kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua linazama. Ukikipaka chungwa au nyekundu, saa kumi na moja jioni utajiona umekaa ndani ya jiko. Huko ndiko kwenye nafasi ya samawati iliyochanganywa na kijivu, kijani cha majani ya mpera, au weupe uliotulia.

Tazama pia dirisha linaangalia nini, kwa sababu mwanga huingia na rangi ya kitu ulichogonga njiani. Mwembe mkubwa nje huleta ukijani ndani. Ukuta wa jirani uliopakwa waridi, ukiwa umbali wa mita mbili, unapaka na wako. Ua lenye udongo mwekundu, kama nyumba nyingi za Moshi au Nyeri, hurusha wekundu hadi kwenye dari, na vumbi lake hilo hilo hukaa kwenye ukuta wa chini. Mwenye ua kama huo asijilazimishe kuwa na ukuta mweupe pe.

Sasa umekusanya rangi tano au sita za lazima, na umejua mwanga wako. Je, uongeze zipi? Wapambaji wana hesabu ya 60, 30 na 10: sehemu 60 kwa mia ya chumba iwe rangi moja iliyotulia, 30 rangi ya pili, 10 rangi kali. Hesabu si mbaya, ila mimi hufundisha kwa kanga, maana kila nyumba inayo na imekwisha kupangwa na watu wanaojua. Fungua kanga unayoipenda, uitandaze sakafuni yote. Kanga nyingi zina rangi chache tu, tatu au nne. Mji wake umetulia ili pindo lisikike. Pindo limezunguka pande zote nne, nalo ndilo linaloishika kanga isitawanyike. Jina ni mstari mmoja mwembamba, lakini jicho hulitafuta kwanza. Chumba kinaweza kupangwa vivyo hivyo. Rangi ya mji iende kwenye vitu vipana: kuta, mapazia, shuka kubwa. Rangi ya pindo ikizunguke chumba: zulia, kitambaa cha makochi, fremu za picha, ukingo wa pazia. Ile rangi ya pekee iliyobaki iwe kidogo na iwe kali: mito miwili, kikapu kimoja, chungu cha maua.

Kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayovaliwa harusini, ni somo zuri la kupima ujasiri. Nyekundu yake ni kali, lakini imekatwakatwa na weusi na weupe mpaka inavumilika kuitazama siku nzima. Anayetaka nyekundu nyumbani na afanye hivyo. Ukuta mzima mwekundu huchosha. Nyekundu iliyochanganyikana na nyeupe kwenye mito na mkeka hupendeza miaka. Ila usiifanye kanga yenyewe kuwa pazia la dirisha la magharibi. Jua litaifubaza haraka. Iweke kitandani au itundike kwenye ukuta ambao jua haliugusi.

Hapa nataka nikupeleke Lamu kidogo. Nyumba za zamani za mawe za mji ule zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ina kikomo cha urefu, vyumba vikawa vyembamba na virefu, na mwanga uliingia kupitia ua wa ndani. Mafundi wangeweza kupaka rangi kuta hizo. Waliziacha nyeupe kwa chokaa, wakachonga lipu, na katika chumba cha ndani kabisa wakapanga safu juu ya safu za zidaka, vile vijishubaka vya ukutani, humo wakaweka sahani na bakuli za kauri zilizokuja na majahazi. Rangi katika nyumba hizo ilikaa kwenye vitu vinavyohamishika: kauri, mikeka, nguo, mbao nyeusi ya mlango na ya kiti. Ukuta ulikuwa na kazi ya kuupokea mwanga mdogo uliokuwepo na kuupeleka hadi nyuma ya chumba.

Kama unaishi nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya brashi, nyumba hiyo ya Lamu ndiyo mwalimu wako. Ule ukuta wa krimu ambao wapangaji wote wanaulalamikia unatosha kabisa. Nunua mkeka mkubwa wa ukindu wenye ukili wa rangi mbili, uutandike hadi ufunike sehemu kubwa ya sakafu usiyoipenda. Badilisha mapazia. Tafuta kitu kimoja cha ukutani chenye rangi nyingi, kikae peke yake. Mchoro wa Tingatinga ni mzuri kwa kazi hii. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zile za kung'aa za kupakia baiskeli, na waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1972 wameendelea na mng'ao huo. Kwa sababu picha hiyo inang'aa, usiitundike mkabala na dirisha, utaona taswira ya dirisha badala ya twiga. Itundike kwenye ukuta wa pembeni, katikati ya picha ikiwa kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Watu wengi hutundika picha juu mno, karibu na dari, picha ikaonekana kama kalenda ya ofisini.

Mapazia nayo yana makosa yake. Bomba la pazia likifungwa pale pale dirisha linapoishia, dirisha huonekana dogo na dari huonekana chini. Lipandishe karibu na dari, lipite dirisha sentimita 15 hadi 20 kila upande, na nguo iwe na upana mara mbili ya dirisha ili ikunjike vizuri. Ishuke hadi kukaribia sakafu. Kwa kitambaa kile kile na rangi ile ile, chumba kitaonekana kimeongezwa urefu.

Watu huniuliza kuhusu mtindo kama vile ni kitu cha kununuliwa: mtindo wa kisasa, mtindo wa Kizanzibari, mtindo wa hotelini. Ninavyoona mimi, mtindo wa chumba ni kile kinachojirudia ndani yake. Mbao ya aina moja ikitokea kwenye meza, kwenye fremu na kwenye mguu wa kochi, chumba kina mtindo. Chuma cheusi kwenye bomba la pazia, kwenye taa na kwenye stuli, kina mtindo. Rangi yoyote kali uliyoichagua iguse sehemu tatu za chumba, mbali mbali, ili jicho litembee. Ikitokea mahali pamoja tu huonekana imesahauliwa hapo na mgeni.

Na vile vitambaa vya kufuma kwa mkono ambavyo mama alikupa ulipoolewa, nakusihi usivifungie sandukuni. Vijana wengi wanaviona vya kizamani. Kasoro ya vitambaa hivyo ni kutawanywa: kimoja kichwani mwa kila kochi, kimoja juu ya runinga, kimoja juu ya redio, mpaka chumba kizima kimevaa shumizi. Vikusanye. Tandika kimoja kikubwa mezani, juu ya mbao nyeusi iliyo wazi pembeni, nawe utaona kazi ya mkono wa mama ilivyo. Au viwili vitie kwenye fremu ya kioo, kwenye ukuta wa korido.

Sasa ndiyo twende dukani.

Usinunue ndoo. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi kati ya mbili au tatu ulizozifikiria, na karatasi ngumu za manila. Paka kila karatasi mikono miwili, uache ukingo mweupe. Rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa hiyo subiri. Kisha isimamishe karatasi nyuma ya kochi, mlangoni, kwenye pembe yenye giza, juu ya sakafu, kwa siku mbili au tatu. Itazame asubuhi, adhuhuri, magharibi na usiku taa zikiwa zimewaka. Kumbuka kwamba rangi ndogo kwenye kadi huonekana ya upole, na ikishajaa kuta nne huongezeka nguvu, kwa kuwa kuta hutazamana na kurushiana. Ukiwa kati ya rangi mbili, chukua iliyofifia zaidi. Katika miaka yote niliyosaidia ndugu na majirani kuchagua, simkumbuki aliyejuta kwa kuchukua iliyofifia.

Hesabu kabla ya kulipa. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, chenye ukuta wa mita 3 kwenda juu, kina mzunguko wa mita 15, yaani mita za mraba 45. Toa mlango na madirisha, zinabaki kama 40. Mikono miwili ni 80. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji lita 8, galoni mbili za lita 4. Ukuta wa kukwaruza hunywa zaidi. Nunua yote siku moja, iliyochanganywa kwa mashine, na uandike namba ya mchanganyiko. Fundi anayechanganya kwa jicho anaweza kuwa na jicho zuri kweli, lakini ndoo ya pili ya wiki ijayo haitafanana na ya kwanza. Hata za mashine, mwambie fundi azimimine pamoja kwenye chombo kikubwa azikoroge kabla ya kuanza.

Ukuta mgonjwa haupakwi rangi nzuri ukapona. Lipu mpya ya saruji iachwe ikauke kama wiki nne, la sivyo saruji itaila rangi. Pwani tuna tatizo la chumvi: ukuta wa chini unatoa unga mweupe, rangi inavimba na kubanduka kila mwaka. Hayo ni maji yanayopanda na chumvi kutoka ardhini, au yanayoiyeyusha chumvi ya mchanga wa baharini uliojengewa, nayo yakikauka yanaiacha chumvi hiyo ukutani. Mtu hubandua, akapaka tena rangi ya mafuta ngumu zaidi, na maji yakakosa pa kutokea. Tafuta kwanza yanakotoka: mfereji wa bati, bomba, udongo uliorundikwa ukutani nje. Na kama una bahati ya kuishi katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, Unguja au Mji wa Kale wa Mombasa, ipake chokaa. Kuta zile zinapumua. Rangi ya plastiki na lipu ya saruji huziziba pumzi.

Jambo moja linanitia hofu, nalo ni kusugua rangi kuukuu. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa manjano, nyekundu na kijani kikali, zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Fundi akiisugua kwa msasa mkavu, vumbi linaenea nyumba nzima, mtoto anatambaa juu yake. Kama mlango au dirisha lina rangi ya siku nyingi, lilowesheni kwanza, msugue likiwa na maji, watoto wawe kwa bibi siku hiyo, na vumbi lipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa badala ya kufagiwa. Rangi mpya utakayonunua isomwe kopo lake: iwe imeandikwa haina risasi.

Kuhusu rangi ya maji na ya mafuta: ya maji kwa kuta na dari, ya mafuta kwa milango na fremu. Wengi hupaka rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, kama mita 1.2, ili mikono ya watoto ifutike. Wazo ni zuri, lakini ukuta ukipakwa buluu iliyoiva chini na krimu juu, sebule inakuwa zahanati. Paka rangi ile ile juu na chini, tofauti iwe mng'ao tu. Au ya chini iwe ile ile iliyokolezwa hatua moja. Korido ndefu nyembamba inafupishwa kwa kuupaka ukuta wa mwisho rangi nzito kuliko za pembeni. Dari iliyo chini iachwe nyeupe.

Chumba cha kulala sitakisemea sana. Kipakwe rangi ambayo ungeivumilia ukiwa na homa. Jikoni, ukuta wa jiko la mkaa au la gesi uwe wa vigae au rangi ya mafuta, na usichague rangi ya kuficha masizi, chagua ya kuyaonyesha ili uyafute.

Taa ni rangi ya mwisho ya chumba, nayo imeharibu kazi nyingi nzuri. Kwenye kifurushi cha balbu kuna namba inayofuatwa na herufi K. Balbu nyingi tunazouziwa ni za 6500, mwanga mweupe wenye ubuluu, unaofaa karakana. Chini yake, ukuta wa rangi ya samli unakuwa wa majivu, na nyuso za watu zinaonekana za wagonjwa. Sebuleni na chumbani tafuta 2700 hadi 3000. Mezani pa chakula, kama kifurushi kimeandikwa CRI, yaani kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi zilivyo, tafuta 90 au zaidi, ili mchuzi uonekane mchuzi. Kuhusu zile taa za ukanda za buluu na zambarau zinazofichwa ndani ya dari za gipsamu, nimewaona watoto wakizifurahia, na zina raha yake siku ya sherehe. Zisiwe mwanga wa kila siku. Hakuna rangi uliyoihangaikia itakayobaki salama chini yake.

Ukuta ukishakauka, fungua madirisha siku nzima, kisha rudisha vitu kimoja kimoja, vikubwa kwanza. Kaa na chumba wiki mbili kabla ya kugonga msumari wowote. Rangi iliyobaki imimine kwenye kopo dogo lijae hadi juu, hewa isipate nafasi ya kuikausha, ufunike vizuri na kubandika karatasi yenye jina la chumba, namba ya mchanganyiko, duka na tarehe. Liweke pasipo na jua. Siku mtoto atakapoushika ukuta na mkono wenye embe, utahitaji kitambaa, brashi ya inchi moja na dakika 10.